Vijiko vitatu vya mafuta ya nazi kila asubuhi kwa miezi minne: majibu yangu ya maabara haya hapa

Kifumbu
Wakuu habari za jioni.

Uzi huu nimeuahirisha wiki mbili kwa aibu. Humu humu mwaka jana nilikuwa mstari wa mbele kubishana na kila aliyesema mafuta ya nazi yana walakini. Leo nakuja na karatasi mkononi.

Mwanaume, miaka 41, Dar, kilo 84, sigara sivuti. Nilianza kwa ajili ya kitambi. Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, alituunganisha kwenye kundi la simu na dozi yake ilikuwa hii: vijiko vitatu vikubwa kabla hujala chochote. Kitambi kinayeyuka, sukari inashuka, akili inafunguka. Mimi nikaongeza na kupikia. Mayai kwa nazi, maini kwa nazi, mpaka viazi vitamu vya kuchemsha nilikuwa navidondoshea.

Bahati nzuri nilikuwa nimepima afya kazini mwezi mmoja kabla, kwa hiyo namba za mwanzo ninazo:

Kabla (milimoli kwa lita): kolesteroli yote 5.1, LDL (ile inayoitwa mbaya) 3.2, HDL (ile inayoitwa nzuri) 1.2
Baada ya miezi minne: kolesteroli yote 6.3, LDL 4.1, HDL 1.5

Kitambi kipo, kimeongezeka kilo moja na nusu. Akili sijaona ikifunguka, ingekuwa imefunguka ningepima mapema.

Daktari hakunifokea. Aliuliza nakula nini, nikamweleza, akaandika kwenye faili, kisha akaniuliza: "Kwenu wanayanywa hivyo?" Nimezaliwa Pangani, nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba bibi zetu wametumia nazi maisha yao yote. Niko kwenye daladala narudi nyumbani ndiyo nikaanza kukumbuka bibi alivyokuwa anafanya hasa.

Bibi alikuwa anapika mafuta mara mbili tatu kwa mwaka. Jioni tunakuna nazi sisi wajukuu, kwa zamu juu ya mbuzi, vidole vinachanika. Anakamua tui kwenye kifumbu, analiacha sufuriani lilale usiku kucha. Asubuhi ule uzito umepanda juu, chini kuna maji tu. Anauengua ule wa juu, anauweka kwenye moto wa vifuu, anakoroga taratibu mpaka mafuta yajitenge na chini kubaki ukoko wa kahawia. Ule ukoko ndio tulikuwa tunaugombania, na sukari. Nazi kumi na kitu zinatoa chupa moja ya bia, tena isiyojaa. Chupa ile ni ya nywele za wanawake wote wa nyumba, ya kumkanda mtoto mchanga, ya miguu iliyopasuka, na tone moja la mlango unaopiga kelele. Inakaa miezi.

Mimi vijiko vitatu ni kama mililita 45. Chupa ya bibi nilikuwa naimaliza peke yangu kwa siku kumi na moja. Kwa miezi minne nimemeza chupa kumi na moja, nikisema naishi kama bibi.

Sijaja kumshambulia mtu. Wenye ujuzi naomba mnisaidie kuelewa, na wenzangu mnaokunywa nendeni mkapime.

Mzaramo Asilia
Siti ya mbele. Ngoja waje wauzaji.

Chumvi ya Mawe
Chai. LDL ipande hivyo kwa nazi peke yake? Kitimoto hujataja hapo.

Kifumbu
Kitimoto sili, nimekwambia ni mtu wa Pangani. Mbuzi wikiendi kama zamani, chipsi mara moja moja kama zamani. Kilichobadilika ni chupa tu. Lakini hoja yako naipokea, mimi ni mtu mmoja na karatasi mbili.

Mnazi Mkinda
Nauza mafuta haya na sijifichi, kwa hiyo nitajibu kama muuzaji.

Kwanza pole mkuu. Pili, HDL yako imepanda kutoka 1.2 hadi 1.5, hiyo ni kolesteroli nzuri, mbona umeiruka? Tatu, someni habari za Tokelau na Pukapuka, visiwa vya Pasifiki. Ian Prior na wenzake walichapisha mwaka 1981: watu wa Tokelau asilimia 63 ya nguvu yote ya chakula chao ilitoka kwenye nazi, Pukapuka asilimia 34, na magonjwa ya mishipa ya moyo yalikuwa adimu kote kuwili. Nne, mwaka 2018 watafiti wa Cambridge waliwagawa watu tisini na kitu kwenye makundi matatu, gramu 50 kwa siku kwa wiki nne: nazi, siagi, mzeituni. Siagi ilipandisha LDL. Nazi haikuipandisha ukilinganisha na mzeituni, na HDL iliongoza.

Na tano, ambayo watu hawapendi kuisikia: vita dhidi ya nazi ilianza kama vita ya biashara. Miaka ya 1980 wakulima wa soya wa Marekani walifanya kampeni kubwa dhidi ya mafuta ya nchi za joto. Tajiri mmoja wa Omaha, Phil Sokolof, alikuwa ameugua moyo, mwaka 1988 akanunua kurasa za magazeti kuyashambulia hadharani. Viwanda vikaacha nazi na mawese, vikahamia mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani. Hayo leo tunajua ndiyo mabaya kuliko yote. Marekani wenyewe walikuja kuyapiga marufuku. Sasa nani alikuwa anatulisha sumu?

Mzaramo Asilia
Muuzaji kaja na faili. Nasogeza kiti.

Kibobwe
Umetisha Mnazi Mkinda. Ninyi wengine kazi yenu kuamini kila kitu cha mzungu.

Fundi wa Damu
Niko maabara mwaka wa kumi na nne, kolesteroli napima kila siku ya Mungu. Nimjibu Mnazi Mkinda kwa heshima, maana ndiye pekee aliyekuja na vitu vya kujadili.

Kampeni ya soya ni kweli ilikuwepo. Na ni kweli kilichochukua nafasi ya nazi viwandani kilikuwa kibaya zaidi. Ila mshindani wako kuwa mwongo hakushushi LDL ya Kifumbu.

Nianze na kilichomo kwenye chupa. Katika gramu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya 80 ni mafuta mgando, yale yanayoshikana kwenye ubaridi. Siagi ni kama 50, mawese karibu 50, alizeti kama 10. Kijiko kikubwa kimoja cha nazi kina gramu 11 hadi 12 za mgando. Shirika la Afya Duniani linasema mgando usizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 kwa siku nzima, pamoja na ile ya nyama, maziwa na maandazi. Kifumbu alikuwa anapiga 35 kabla hajanywa chai.

Sasa kwa nini LDL ipande. Ini lina vipokezi, tuvifananishe na mikono, vinavyodaka LDL kwenye damu na kuiondoa. Ukila mgando mwingi ini hupunguza mikono hiyo. LDL inabaki barabarani muda mrefu, na inayobaki barabarani ndiyo inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa. Huhisi chochote. Ndiyo maana kila mtu anakwambia "mimi nakunywa na niko fiti".

HDL. Zamani sisi wenyewe tulikuwa tunafurahia ikipanda. Kisha zikatengenezwa dawa za kuipandisha. Ya kwanza kubwa, torcetrapib, iliipandisha sana, na Desemba 2006 majaribio yakasimamishwa kwa sababu waliokuwa wanaimeza walikufa wengi kuliko wasioimeza. Dawa hiyo ilikuwa na kasoro zake nyingine, lakini zilizofuata nazo hazikuleta nafuu iliyotarajiwa. Kwa hiyo HDL iliyopanda kwa kusukumwa haifuti LDL iliyopanda. Usiihesabu kuwa bao moja kwa moja.

Cambridge: wiki nne. Ni utafiti mzuri, ila ni mmoja. Mwaka 2020 majaribio 16 yaliunganishwa, nazi dhidi ya mafuta ya mimea ya kawaida kama alizeti, soya na mzeituni. Nazi ilipandisha LDL kwa wastani wa miligramu 10 kwa desilita, kwa vipimo vyetu kama 0.27. HDL ikapanda 4. Huo ni wastani. Kifumbu amepanda 0.9, na dozi yake ilikuwa ya kijeshi. Miili pia haifanani.

Tokelau: hawakunywa mafuta ya chupa. Walikula nazi yenyewe, nyama yake na nyuzinyuzi zake, na samaki, na mashelisheli, sukari kidogo mno, na siku nzima mtu yuko baharini au juu ya mnazi. Na katika utafiti ule ule, waliokula nazi zaidi ndio waliokuwa na kolesteroli ya juu zaidi kati ya visiwa viwili. Hapo huwa hamfiki.

Mnazi Mkinda
Nimefika leo. Lakini hiyo ya Profesa wa Ujerumani kuyaita "sumu tupu" nayo uikubali kwamba alivuka.

Fundi wa Damu
Karin Michels, Freiburg, 2018. Alivuka, ndiyo. Sumu ni neno la kitu kingine. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka mmoja kabla yake walisema kwa lugha ya kawaida tu: LDL inapanda, hakuna faida inayojulikana ya kufidia, hatushauri. Video ya sumu ndiyo ikatazamwa na watu zaidi ya milioni. Si unajua mambo ya mtandao.

Mama Wawili
Samahani naingilia, nauliza ya kitambi. Mimi nilielezwa yana mafuta yanayoungua haraka mwilini, hayakai. Si kweli?

Fundi wa Damu
Dada yangu, habari hiyo ina mzizi wa kweli uliohamishwa shamba. Yapo mafuta ya mnyororo wa kati ambayo ini huyachoma haraka. Marie-Pierre St-Onge wa Columbia alifanya majaribio yakaonyesha yanasaidia kidogo kwenye uzito. Ila alitumia mafuta yaliyotengenezwa maalumu, yote ni mnyororo wa kati. Ya nazi yana sehemu ndogo tu ya aina hiyo, kama 13 hadi 15 kwa mia, na mwenyewe amelisema hilo mara nyingi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki. Kwenye vitabu inaitwa ya kati, ila tumboni sehemu kubwa inasafiri njia moja na mafuta mengine.

Kalori ni 120 kwa kijiko. Vitatu ni 360, zaidi ya chapati moja, na hakuna aliyepunguza chapati.

Mama Wawili
Yaani mimi sikupunguza kweli.

Mwana Kilifi
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Huku kwetu Pwani ya Kenya sioni mtu akinywa mafuta ya nazi, labda vijana wa mjini wa mazoezi. Mimi nataka kuyatetea kwa ngozi. Mwanangu wa pili alikuwa na pumu ya ngozi, viwiko na nyuma ya magoti vyakauka hadi vinatoa damu, usiku halali akijikuna. Nyanya yake akaniambia wacha hizo losheni za manukato, mpake mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani angali na majimaji ya kuoga. Wiki tatu ngozi ikatulia. Dawa ya hospitali hatukuiacha, twaitumia akiwashwa sana. Sasa hii nayo mtasema imani?

Fundi wa Damu
Hiyo siyo imani kabisa. Kwenye ngozi ndiko nazi ina ushahidi wa maana. Ufilipino wamelinganisha na mafuta ya mzeituni kwa watu wazima wenye pumu ya ngozi, nazi ikashinda, na bakteria wa stafilokoki waliokaa kwenye ngozi wakapungua zaidi. Kwa watoto wakalinganisha na mafuta ya madini, nazi ikashinda tena. Nywele pia: India walionyesha mwaka 2003 kwamba nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, alizeti na mafuta ya madini hayakufanya hivyo. Bibi yake Kifumbu alijua pa kuipeleka chupa.

Tahadhari mbili. Mwenye mba ya ukaidi asijaze mafuta kichwani, fangasi wake hula mafuta. Na kidonda cha moto kibichi usipake mafuta yoyote. Mtoto kamwagikiwa uji, mweke kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali. Mafuta yanaziba joto ndani.

Chumvi ya Mawe
Na matumizi ya chumbani je? Nauliza kwa niaba ya jirani.

Fundi wa Damu
Mwambie jirani mafuta yanalegeza mpira wa kondomu, unapasuka. Kama anatumia mpira, atafute kilainishi cha maji duka la dawa. Kingine atajaza mwenyewe.

Chumvi ya Mawe
Jirani kanyamaza ghafla.

Kibobwe
Mnapiga chenga. Mimi nimesoma mafuta ya nazi yanaua virusi na bakteria mwilini. Jibuni hilo.

Fundi wa Damu
Kwenye kibomba cha maabara, ndiyo, kuna kitu kinatokana na asidi ya lauriki kinaua baadhi ya vijidudu. Sabuni ya kufulia nayo inaua, tena haraka. Hatuinywi. Mtu yuko kwenye dawa za kufubaza virusi asithubutu kuziacha kwa habari za kibomba.

Mpemba wa Muscat
Assalaam alaykum. Huku mafuta ya nazi tunayapata madukani, yanaletwa kutoka Uhindi, na kiyoyozi kinayageuza jiwe. Nina swali la dhati. Mama yangu ni mtu mzima, sasa anasahau, jana kaniita jina la marehemu mjomba. Ndugu wananisukuma nimpe mafuta ya nazi, wanasema yanarudisha kumbukumbu. Nimpe?

Fundi wa Damu
Wa alaykum salaam. Pole sana kwa mama. Habari hiyo ilienea sana kutoka kwa daktari mmoja wa Florida aliyemhudumia mumewe, na nia yake ilikuwa njema. Wazo ni kwamba ubongo ulioshindwa kutumia sukari utatumia ketoni, yaani nishati ambayo ini huitengeneza kutoka kwenye mafuta. Hakuna jaribio kubwa lililoonyesha mafuta ya nazi yanarudisha kumbukumbu. Mimi ningeanza kwa kumpima: damu, tezi ya shingo, vitamini B12, na mumwonyeshe daktari dawa zote anazomeza. Kuna usahaulifu unaotokana na vitu hivyo na unatibika. Kama anapenda mchuzi wa nazi mpikieni, ale kwa furaha.

Mpemba wa Muscat
Allah akulipe. B12 hatujapima.

Mzaramo Asilia
Sasa swali la taifa. Wali wa nazi tuuache? Maharage? Samaki wa kupaka? Semeni tu tujue tunahamia bara.

Kifumbu
Hili niliuliza kliniki siku ile ile maana ndilo lililokuwa linaniuma. Tui nalo lina mafuta yale yale, tusidanganyane. Nyama ya nazi theluthi moja ni mafuta. Lakini angalia hesabu ya sufuria: nazi moja, mafuta mengine yanabaki kwenye machicha, tui linaingia kwenye wali wa watu sita, na pembeni kuna samaki na mchicha. Si sawa na mtu mmoja kusimama jikoni saa kumi na mbili asubuhi anameza mafuta matupu. Alichoniambia ni kwamba tui lisiwe la kila mlo. Kwetu nazi ilikuwa Ijumaa na siku ya mgeni, siku nyingine mchuzi chukuchuku. Kupikia kwa kila siku nimerudi alizeti, kidogo.

Ila nazi mbili kwenye kilo ya mchele, tui la kwanza lote, kama wanavyofanya kwenye shughuli, hiyo mjomba hesabu mwenyewe.

Mwana Kilifi
Nazi mbili kwa kilo ndiyo wali. Hiyo nyingine ni ubwabwa wa wagonjwa.

Mnazi Mkinda
Niseme la biashara halafu nipumzike. Wapo wauzaji wanaoandika kwenye chupa "inatibu kisukari, presha na saratani". Hao wanatuharibia. Na mnaonunua, mbata (nazi iliyokaushwa) iliyooza inakamuliwa pia. Mbata ikipata ukungu inaleta sumukuvu, na mafuta yasiyosafishwa yanaibeba. Mafuta yakiwa na harufu ya moshi au yamechacha, rudisha. Mimi ninayauza kwa ngozi, nywele na kupikia. Tangazo langu la "kijiko asubuhi" nimeliondoa leo mchana baada ya kusoma hapa. Kifumbu, sikuwa mimi yule muuzaji wako, au sivyo?

Kifumbu
Hukuwa wewe. Wako wa bei rahisi zaidi.

Mama Wawili
Kifumbu umeandikiwa vidonge?

Kifumbu
Hapana. Kanipa wiki nane niache vijiko, nipime tena, ndipo aamue kuhusu statini, vidonge vya kushusha kolesteroli. Kaniuliza kama kuna mtu wa familia aliyepata ugonjwa wa moyo kijana. Baba mdogo, alikuwa na miaka 49. Hapo aliweka kalamu chini akaniangalia. Nitaleta majibu humu humu.

Kifumbu
Wakuu narudi kama nilivyoahidi. Wiki nane zimekatika. Sijafanya kingine cha ajabu, nimeacha vijiko, natembea kutoka kituoni hadi kazini, tui Ijumaa tu.

Kolesteroli yote 5.2, LDL 3.3, HDL 1.3. Kilo 82.

Vidonge bado hapana, narudi baada ya miezi sita kwa sababu ya habari ya baba mdogo. Kaniambia na wadogo zangu wakapime.

Chumvi ya Mawe
Nafuta neno chai. Chupa zilizobaki unaziuzaje?

Kifumbu
Ilibaki moja. Mke wangu anamsukia nayo binti. Kipupwe hiki asubuhi inakuwa imeganda, anaianika dirishani mpaka saa nne iyeyuke, na binti ananuna maana anachelewa kwenda kucheza.